Siku Tisa za Mwezi wa Tano

Jumatatu, 9 Machi

Barua ya ofisi ya kodi imefika leo saa nne, pamoja na mvua. Mjomba Eliakimu ameisoma akiwa amesimama, miwani imeshuka puani, kisha akaiweka juu ya kikokotoo changu. "Haya mambo unayajua wewe," akasema, akatoka kwenda kusimamia mzigo unaoshushwa.

Barua haina ukali. Inasema ritani zetu za VAT za mwaka jana, zile taarifa za kodi tunazotuma kila mwezi, zina kasoro mbili. Kwanza, kuna manunuzi tuliyoyatumia kupunguza kodi ambayo hayahusiki na biashara. Pili, mauzo tuliyoripoti ni madogo kuliko mzigo tulioingiza bandarini. Tumepewa mpaka tarehe 20 Aprili tueleze au tusahihishe wenyewe.

Ritani zote kumi na mbili nilizituma mimi. Mwaka wa kumi na moja huu nashika hesabu za duka hili la vitasa na koki, na mwenye duka ni kaka wa marehemu mama yangu. Ndiyo maana nimeamua kuandika kila ninachokiona, nisije nikaulizwa nikababaika. Shajara hii tulipewa na benki mwaka mpya. Kurasa za Januari zimejaa orodha za vitunguu na sabuni.

Jumanne, 10 Machi

Nimetoa maboksi ya risiti. Nusu zimefifia. Nazielekeza dirishani moja moja kama mtu anayetafuta mfupa kwenye samaki.

Alhamisi, 12 Machi

Nimepata matairi manne ya gari dogo la Mjomba, yameingizwa kama gharama za duka. Nimepata pia ukumbi wa send-off, sherehe ya kumwaga Evelyn, binti yake, kabla ya harusi, pamoja na chakula cha watu mia mbili.

Nikamfuata. "Mjomba, hii ya ukumbi haikubaliki."

"Wateja wangu wote walikuwepo pale. Wale si biashara?"

"Walikuja kucheza muziki, Mjomba."

Akacheka, kicheko chake kifupi cha puani. "Basi itoe. Ila andika kwamba nyama ilikuwa nzuri."

Nilikuwa nimesahau kwamba anaweza kucheka. Tangu tumzike mama amekuwa mtu wa kutoa amri tu.

Jumatatu, 16 Machi

Ankara moja ya bawaba nimeikuta miezi miwili, Agosti na Septemba. Mkono ni wangu, uchovu ni wangu. Makosa madogo yote nimeyajumlisha, yanatibika.

Kasoro ya pili ndiyo haishuki. Nimepiga hesabu mara tatu, mzigo ulioingia, uliouzwa, uliobaki stoo. Kuna mzigo wa zaidi ya milioni sitini ambao haupo stoo wala haupo kwenye mauzo.

Jumanne, 17 Machi

Allan, mtoto wa Mjomba, anasema ana mtu wake anayejua "kuyanyoosha". Nikamwambia amnyooshe kwanza huyo mtu. Mvua siku nzima. Mbele ya fremu ya duka letu maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, mikokoteni inapita kama mitumbwi.

Ijumaa, 20 Machi

Idi. Mtaa nusu umefungwa. Nilikuja peke yangu kutuma ritani ya Februari. Saa saba Rajabu, jirani yetu muuza maturubai, akaniletea sahani ya pilau iliyofunikwa kwa sahani nyingine.

"Kula kwanza, mwanangu. Hao wa kodi hawaondoki."

Nilimwamkia, akaitikia, akaketi juu ya boksi. Akaniuliza nimefika wapi, nikamwambia kuna mzigo hauonekani.

"Ule ule wa Chiku?"

Kijiko kilisimama mkononi.

Chiku alikuwa muuzaji wetu miaka sita. Mwezi wa saba mwaka jana tulihesabu stoo, tukakuta maboksi mia tatu kumi na saba hayapo. Funguo za stoo alikuwa nazo yeye. Mjomba alimfukuza siku hiyo hiyo, na hakumfukuzia ndani. Alimtoa hadi mbele ya fremu, akachukua mkoba wake na kuumwaga chini. Chaja, kanga iliyokunjwa, pedi, kitambulisho. "Mwizi huyu! Mtazameni vizuri asije akaenda kwenu!" Mtaa mzima ukatazama.

Chiku alisema kitu kimoja tu, akakirudia. Alisema mzigo ule uliuzwa, kwamba aliuandika kwenye kitabu, na kitabu alinipa mimi mkononi.

Mjomba akanigeukia. Nikasema, "Mimi sijapewa kitabu chochote."

Sikuwa nadanganya. Sikuwa na kumbukumbu ya kitabu chochote.

"Mimi yule binti sikuamini," Rajabu akasema. Hakufafanua nini hakuamini, na mimi sikumuuliza. Pilau ilikuwa nzuri, sikuimaliza.

Jumanne, 24 Machi

Nimepata pa kuanzia. Nimeacha jumla za miezi, nimefungua ripoti za mashine ya risiti siku kwa siku. Kuanzia tarehe 8 mpaka 16 Mei mwaka jana mashine haikutoa risiti hata moja. Siku tisa.

Siku zenyewe nazijua bila kalenda. Mama alifariki tarehe 7. Tarehe 8 mimi na Mjomba na ukoo mzima tulipanda kwenda kijijini Kibosho kuzika, tukarudi tarehe 17. Duka halikufungwa, maana kontena lilikuwa bandarini na gharama zinapanda. Alibaki Chiku dukani, na Allan anayekuja jioni kuchukua pesa.

Nikamwita Allan.

"Mwezi wa tano, wakati wa msiba, mashine ilikuwaje?"

"Ilikufa. Fundi alikuja tarehe kumi na saba. Si ofisi ya kodi iliarifiwa, wakaruhusu tuandike kwa mkono?"

"Nani aliandika?"

"Chiku. Kwenye kitabu. Alikuwa anaandika hadi kero, mteja ananunua koki moja anaandikiwa kama cheti cha ndoa."

"Na pesa?"

"Nilikuwa nazichukua kila jioni, nampelekea wakala wa bandarini tutoe kontena. Baba mwenyewe aliniagiza kwa simu."

Nilimtazama. "Allan, mwezi wa saba Chiku alipofukuzwa, kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa China, Guangzhou, dada. Nimerudi nikaambiwa Chiku ameiba. Hakuna aliyeniuliza habari za kitabu."

Alisema bila ubaya wowote. Hilo ndilo lililonichosha. Mtu anaweza kubeba ukweli mzima mfukoni mwaka mzima kama ufunguo wa mlango asioujua.

Jumatano, 25 Machi

Nimekwenda kazini, nimerudi. Mvua.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekipata.

Nilikuwa nimetafuta ofisini siku tatu, kila kabati. Leo mchana nyumbani Magomeni maji yalianza kuingia chumba cha nyuma, nikawa nainua vitu juu ya kitanda. Chini ya kitanda kuna begi la msiba ambalo sijalifungua tangu turudi. Nikalifungua kwa sababu limelowa pembe moja. Ndani mlikuwa na orodha ya michango, kitambaa cha kichwa, karatasi za ibada zenye picha ya mama, daftari la rambirambi. Katikati ya daftari la rambirambi na karatasi za ibada mlikuwa na kitabu cha risiti za mkono, jalada la bluu.

Nilikaa sakafuni kwenye maji.

Mwandiko wa Chiku ni wa duara, wa mtu aliyefundishwa kuandika na mwalimu mkali. Kila risiti ina tarehe, jina la mnunuzi, bidhaa, bei, kodi. Akikosea anakata kwa mstari mmoja na kusaini pembeni. Kila jioni amejumlisha, na chini ya kila jumla kuna sahihi ya Allan kwamba amepokea pesa. Ukurasa wa mwisho kuna maneno machache kwa penseli: *Dada Jovitha, pole sana na msiba wa mama. Mashine ikipona haya tuyaingize kabla ya ritani, usije ukapata shida. Chiku.*

Nikakumbuka, si vizuri, ila nikakumbuka. Nilipita dukani tarehe 17 jioni tukitoka safari, kumwachia Mjomba funguo zake. Mtu alinishika mkono akaniambia pole, akanipa kitu. Siku ile watu mia walikuwa wamenishika mkono na kunipa vitu. Kila nilichopewa nilikitia begini.

Mwisho wa mwezi nilichukua jumla ya mashine, nikainakili kwenye ritani, nikatuma. Sikuona siku tisa zilizokosekana, kwa sababu siku hizo kwangu hazikuwepo.

Jumla ya kitabu ni shilingi 61,360,000. Kodi yake 9,360,000. Maboksi niliyahesabu mara mbili kwa kidole. Mia tatu kumi na saba.

Jumapili, 29 Machi

Jumapili ya Matawi. Nilibeba tawi langu kama wenzangu. Sikumbuki padre alihubiri nini.

Jumatatu, 30 Machi

Nilimsubiri Mjomba amalize chai. Nikaweka kitabu mezani, nikamweleza yote bila kujitetea sana. Nilijitetea kidogo.

Alikifungua, akapitisha kidole kwenye jumla za mwisho. Uso wake haukubadilika.

"Kwa hiyo kodi ni milioni tisa na ushee."

"Na riba, na faini."

"Tutalipa. Wape kitabu, sema tulikuwa na msiba. Imekwisha."

"Na Chiku, Mjomba?"

"Chiku yupi?"

"Mjomba."

Akavua miwani. Macho yake bila miwani ni ya mama kabisa, na ndiyo maana huwa sipendi avue. "Jovitha, yamepita. Yule amekwisha kupata maisha yake mengine. Unataka niende nikamwambie nini? Nikimwambia nimekosea, kesho anakuja na mwanasheria. Na mtaa huu utasema nini? Miaka arobaini nafanya biashara hapa, neno langu ni mali."

Nilijibu kitu ambacho nilikuwa sijapanga. "Hata la kwake lilikuwa mali."

Akainuka. Chai yake hakuimaliza, na Mjomba hamwagi chai.

Jumatano, 1 Aprili

Ofisi ya kodi. Foleni ya saa mbili, viatu vimelowa, kiyoyozi kinapuliza miguuni. Afisa aliyenipokea anaitwa Khalfani, kijana mpole mwenye kikohozi. Nilitegemea kufokewa. Alisoma kitabu ukurasa kwa ukurasa, akasema, "Laiti wote wangeandika hivi."

Akanieleza taratibu. Ritani ya Mei isahihishwe, makosa madogo ya miezi mingine nayo yaingizwe, tuombe kulipa kwa awamu. Mtu akijileta mwenyewe hatazamwi sawa na anayekamatwa. Nikaanza kupumua.

"Kitu kimoja tu," akasema. "Kitabu kimekaa mwaka mzima nje. Nahitaji maelezo ya aliyekiandika, kwa maandishi, na sahihi yake. Huyu Chiku yupo?"

"Yupo."

"Basi siyo shida."

Nikasema siyo shida.

Ijumaa, 3 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimefunga, nimelala mchana, nimeamka nimechoka zaidi.

Jumanne, 7 Aprili

Rajabu ndiye aliyeniambia pa kumpata Chiku. Anakaanga samaki soko la Feri, upande wa majiko.

Nilikwenda asubuhi ikinyesha. Moshi ulikuwa umekwama chini ya paa kwa sababu ya mvua, macho yakawa yananitoka machozi kabla sijasema neno. Chiku alikuwa amesimama mbele ya karai kubwa, kitambaa kimefungwa kichwani, anageuza vibua kwa ufito wa chuma. Amekonda. Mkono wa kushoto una madoa ya mafuta ya moto mpaka kwenye kiwiko.

Miaka sita hakuwahi kunipita bila shikamoo. Leo aliniona, akaendelea kugeuza.

"Unataka changu au kibua?"

"Nimekuja kwako, Chiku."

"Mimi siuzwi. Nauza samaki."

Nikatoa kitabu kwenye mfuko wa nailoni. Alikitambua kabla sijakifungua. Ufito ulisimama hewani, mafuta yakidondoka.

"Kilikuwa wapi?"

"Kwangu. Chini ya kitanda. Ulinipa, nikakitia kwenye begi la msiba, nikasahau. Nilipoulizwa nikasema sijapewa. Nilidhani nasema kweli."

Alimwita mwenzake amshikie karai, akafuta mikono taratibu, kidole kwa kidole. Hakulia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio na kwa matusi. Kwa sauti ile ya kawaida sikuwa nimejiandaa.

"Unajua nilizunguka fremu ngapi kutafuta kazi? Kumi na nne. Kila nikiingia, mtu anaangalia mkoba wangu. Mmoja akaniambia, 'Wewe si ndiye yule wa mzee wa koki?' Mama yangu Kigamboni aliacha kwenda vikao vya kina mama. Nilikuwa na mchumba, dada Jovitha. Familia yake walisikia."

"Chiku, naomba…"

"Usiombe kwanza. Umekuja kuomba tu, au mnataka kitu?"

Ningeweza kuficha. Nilimweleza habari ya Khalfani na maelezo yanayotakiwa. Alicheka kidogo, kama mtu aliyekwisha kuotea.

"Nilijua. Bila kodi msingekuja."

"Ningekuja."

"Labda wewe. Mzee asingekuja." Mvua ilikuwa inagonga bati. "Nitasaini. Sina shida ya kusaini, yaliyomo ni kweli tupu. Lakini sisaini hapa, wala ofisini. Nitasaini mbele ya fremu, pale mkoba wangu ulipomwagwa. Na yeye kwanza aseme sikuiba. Kwa sauti ile ile. Sitaki pesa yake."

Nilinunua vibua vitatu kwa sababu sikujua kuondokaje. Alinirudishia chenji kamili.

Jumatano, 8 Aprili

Nimempa Mjomba ujumbe. Akasema, "Hata siku moja."

Ijumaa, 10 Aprili

Mjomba akanipa bahasha, milioni mbili, nimpelekee Chiku. Nikamwambia hataki. "Kila mtu hataki mpaka azione," akasema. Nikaenda Feri, Chiku akaziona, hakuzitaka. Nimerudi na bahasha imelowa, pesa nimezianika juu ya meza ya ofisi. Allan akauliza tunauza noti siku hizi.

Jumapili, 12 Aprili

Mto Msimbazi umefurika, Jangwani hakupitiki. Sikwenda kanisani.

Jumatatu, 13 Aprili

Nilifika saa tano nimezunguka mji mzima. Mjomba alinifungia mlango wa ofisi, yeye mwenyewe, akaketi kiti cha wageni.

"Zimebaki siku saba."

"Najua, Mjomba."

"Hayo maelezo yana ugumu gani? Ukurasa mmoja. Mwandiko wake unaujua, kitabu kizima unacho. Andika, weka sahihi. Yaliyomo si kweli? Yeye mwenyewe amesema ni kweli tupu. Nani atadhurika?"

Naandika hapa jinsi ilivyokuwa, nisijifanye bora. Nilifikiri. Nilifikiri huku feni ikizunguka mara nyingi. Ni kweli yaliyomo ni kweli. Nimechoka, na magoti yananiuma, na karatasi moja ingemaliza kila kitu. Mjomba alinisomesha. Ada ya chuo alilipa yeye, akauza ng'ombe wawili wa bibi. Mtu wa namna hiyo akikuomba ukurasa mmoja, mkono unaanza kutafuta kalamu wenyewe.

Nikasema, "Nimeshasema uongo mara moja juu ya yule mtu, bila kujua. Wa pili nitakuwa najua."

"Unanikatalia?"

"Nakukatalia, Mjomba. Na ukitaka nikabidhi funguo za ofisi, ziko hapa."

Nikaziweka mezani. Mlio wa funguo ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea.

Hakuzigusa. Akanyoosha mkono akachukua kitabu cha bluu badala yake, akatoka nacho.

Jumanne, 14 Aprili

Mjomba haongei na mimi. Funguo bado ziko mezani. Nimefungua ofisi kwa funguo za Allan.

Jumatano, 15 Aprili

Mjomba amekaa stoo tangu asubuhi, juu ya kreti, kitabu mapajani. Nilipita kuchukua ankara, nikamkuta anasoma risiti moja moja, midomo ikicheza, kama mzee anayesali. Nilidhani anatafuta kosa. Bila shaka alikuwa anatafuta kosa.

Alhamisi, 16 Aprili

Mjomba kaja ofisini saa kumi, ameshika kitabu kwa mikono miwili.

"Kuna fundi wa Mbagala hapa," akasema, "amenunua koki sita, tarehe kumi na mbili. Kesho yake amerudisha moja, mbovu. Chiku amemrudishia pesa, ameandika, amemsainisha fundi. Shilingi elfu kumi na nane."

Akanionyesha mstari wenyewe kwa kidole.

"Siku tisa, Jovitha. Hakuna mashine. Mimi sipo, wewe hupo. Allan anapokea anachopewa, hahesabu kitu. Milioni sitini na moja zimepita mkononi mwa yule binti. Angeandika hamsini, nani angejua? Mimi ningejua?" Akaketi. "Nimetafuta kosa siku tatu. Hakuna. Mimi mwenyewe kijana sikuwahi kuandika hivi."

Halafu akasema, akitazama sakafu, "Kule Kibosho nilikuwa namlilia dada yangu, na huku mtu ananilindia mali. Kontena likatoka, sikuuliza pesa imetoka kwenye mzigo gani. Nikarudi nikamwaga mkoba wake."

Sijawahi kumwona Mjomba analia, na hata leo hakulia. Aliomba maji ya kunywa.

"Mwite," akasema. "Jumamosi. Mtaa ukijaa."

Nimempigia Chiku. Akasema, "Nitakuja," akakata. Mjomba alikuwa bado amesimama mlangoni. Alirudi mpaka mezani, akazisogeza zile funguo kwangu kwa kidole kimoja.

Jumamosi, 18 Aprili

Alikuja saa sita kasoro, amevaa gauni la kijani na mtandio, mkoba begani. Mvua ilikuwa imekata tangu alfajiri, na watu wote waliofungiwa na mvua wiki nzima walikuwa wamemiminika Kariakoo. Hakuna pa kuweka mguu. Akasimama pale pale.

Mjomba alitoka na koti lake la kanisani. Nilimwona anatafuta pa kuweka mikono.

"Chiku," akaanza.

"Shikamoo, Mzee."

Ile shikamoo ilimvuruga. Akaitikia, akakohoa, akaanza tena kwa sauti ya mtu anayeagiza chai. "Mwaka jana hapa nilisema maneno…"

"Siku ile ulisikika mpaka ng'ambo," Chiku akasema.

Muuza soksi aliyekuwa karibu akageuka. Mbeba mzigo akapiga kelele, "Nipisheni, mali inapita!" na sote ikabidi tusogee, tukampisha, tukarudi. Mjomba alivuta pumzi, na safari hii sauti ikatoka, ile ya kuita mzigo upande wa pili wa barabara.

"Mimi Eliakimu, mwenye duka hili! Huyu binti nilimwita mwizi hapa! Hakuiba! Hakuiba hata msumari! Mzigo aliuuza, pesa alitoa, na hesabu aliandika. Kosa ni la duka langu. Ni langu mimi!"

Wengi hawakusimama. Sokoni watu wanapiga kelele siku nzima. Lakini wa fremu za jirani walitoka, mmoja mmoja, na Rajabu akaja mpaka katikati, akasimama kando ya Chiku.

Zamu yangu. "Kitabu alinipa mimi," nikasema. "Nilisema hakunipa. Alinipa."

Haikuwa kwa sauti kubwa. Chiku alinigeukia.

"Wewe, dada Jovitha, bado," akasema. "Nikiweza nitakwambia."

Kisha akauliza, "Karatasi iko wapi?" Rajabu akageuza mgongo wake uwe meza, na Chiku akaandika maelezo yake, ukurasa mmoja na nusu, taratibu, bila kukata hata neno. Akaweka sahihi. Mjomba akamwambia kazi yake ipo, aanze hata Jumatatu. Chiku akatikisa kichwa.

"Nataka barua yenye muhuri, inayosema nilikuwa mfanyakazi wa namna gani. Na mishahara niliyostahili kupewa wakati ule. Hiyo si zawadi, hiyo nitaipokea."

Barua niliiandika mimi, Mjomba akaisoma mara mbili, akaongeza mstari mmoja kwa mkono wake, akagonga muhuri kwa nguvu mpaka meza ikaruka. Mstari alioongeza sikuusoma. Chiku aliusoma, akaikunja barua, akaitia mkobani.

Jumatatu, 20 Aprili

Marekebisho ya ritani yamekwenda, pamoja na ritani ya Machi. Nimeangalia kila mstari mara tatu, siku zote za mwezi, moja moja. Khalfani amepokea kitabu na maelezo. Mvua imerudi.

Ijumaa, 24 Aprili

Tumekubaliwa kulipa kwa awamu sita. Mjomba amesaini bila kunung'unika. Awamu ya kwanza imeuma, kontena la mwezi wa sita huenda tukaliahirisha.

Alhamisi, 30 Aprili

Hakuna jipya. Nimelala saa tisa mfululizo.

Jumanne, 5 Mei

Chiku alinitumia ujumbe asubuhi. *Kuna duka la vyombo mtaa wa Msimbazi wanatafuta mtu wa hesabu na mauzo. Wameomba mtu wa kumpigia. Nimewapa namba yako.* Hakuna salamu juu, wala jina chini. Nilisoma mara kadhaa nikitafuta msamaha ndani yake. Haukuwemo. Ulikuwemo ujumbe tu.

Saa nane simu ikaita. Mwanamume, sauti ya haraka haraka, nyuma yake sufuria zinagongana.

"Dada, wewe ndiye mhasibu wa pale kwa mzee wa koki? Kuna binti anaitwa Chiku. Unamfahamu?"

"Namfahamu. Miaka sita."

"Mwaminifu?"

"Sijafanya kazi na mwaminifu kama yeye."

"Barua yake nimeiona, ni nzuri. Lakini mimi ni mtu wa Kariakoo, dada, habari nazisikia. Kama alikuwa mzuri hivyo, mbona mlimfukuza?"

Mjomba alikuwa mezani kwake, ameacha kuandika. Mvua ilikuwa inaanza, matone makubwa ya kwanza juu ya maturubai ya Rajabu.

"Kwa sababu mimi nilikosea," nikasema.

Sufuria ziliendelea kugongana. "Haya, nimekuelewa. Asante." Akakata.

Habari ya msiba sikumwambia.